Kwa Nini Kilimia Huhesabiwa kwa Kokoto

Zamani, mbingu ilipokuwa bado na mwenyewe, watu wa milima ya Uporoto hawakutazama nyota. Giza lilipoingia waliinamisha vichwa wakaingia ndani, kwa kuwa anga ilikuwa mali ya mtawala wao, Mwene Ilonga. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuitazama: mzee Mwasumbi, mlinzi wa nyota, aliyekaa mlangoni mwa boma kando ya moto mkubwa akikingoja Kilimia. Kilimia ni kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho kila mwaka hupotea majuma kadhaa, kisha hurudi upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Mwasumbi alipotangaza kwamba kimerudi, watu walipanda maharage bondeni. Aliyekataa alinyang'anywa shamba.

Miaka miwili mfululizo maharage yaliungua kwa sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi. Watu walisema ni mkosi. Mjane mmoja, Tusekile binti Kalesu, alitazama ghala lake. Alikuwa amebakiwa na kikapu kimoja cha mbegu, na hizo nazo zikiungua, wanawe wangekula majani.

Mwaka wa tatu, kipupwe kikiwa katikati, ngoma ikalia: Kilimia kimerudi, baada ya siku tatu watu wapande. Usiku uleule Tusekile aliwachukua rafiki zake wawili, Kisa mfinyanzi na Lusajo mchunga mbuzi, wakapanda kilima cha Igandwe. Ndivyo kinavyoitwa, Igande ni makosa ya wageni. Hawakuwasha moto, wasije wakaonekana. Walijifunika ngozi moja ya ng'ombe, wakaegemeana.

"Lusajo, tulia," Kisa alinong'ona. "Unatetemeka mpaka nyota zinacheza."

"Si mimi, dada. Ni mlima."

Kadiri macho yao yalivyozoea giza ndivyo nyota zilivyozidi, hata Tusekile akaona haya kwamba ameishi miaka thelathini chini ya vitu vile bila kuviinulia uso. Walikaa mpaka jogoo wa kwanza, mpaka mashariki kukaanza kupauka. Kilimia hakikutokea.

Asubuhi Tusekile alikwenda bomani. "Mwene, sipandi. Kilimia hakijarudi."

"Umejuaje?"

"Nimetazama."

Wazee wa baraza wakashika vinywa. Mwene akacheka. "Basi leo tutatazama sote. Nikikuonyesha, shamba ni langu."

"Na usiponionyesha?"

Mwene aliinuka akaingia ndani.

Kabla ya alfajiri iliyofuata, boma zima lilikuwa juu ya Igandwe, limejikunyata. Watumishi walipowasha moto, Tusekile aliukanyaga ukazimika. "Mwenye baridi arudi nyumbani," alisema. "Moto hutazamwa; haumsaidii mtu kutazama."

Mwene akanyoosha mkono mashariki. "Kile pale." Hajaushusha, wazee walikwisha kuitikia: "Tunakiona, Mwene. Tunakiona."

"Vyema," alisema Tusekile. "Kila mtu aokote kokoto kwa idadi ya nyota anazoziona mle, afumbate mkono, asiseme neno. Kukicha tufumbue pamoja."

"Unatupima kama watoto?" mzee mmoja alimuuliza.

"Watoto ningewaamini, baba."

Kulipokucha mikono ilifumbuliwa. Mmoja alikuwa na kokoto tatu, mwingine tisa, mwingine konzi tele. Kisa na Lusajo walikuwa na mikono mitupu. Na mkono wa Mwasumbi ulikuwa mtupu vilevile.

Mwene akamgeukia. "Ulisema umekiona."

"Ulitaka kionekane, Mwene," mzee alijibu kwa upole. "Macho yangu yaliisha miaka mitatu iliyopita, kwa moto na moshi. Kila asubuhi uliniuliza, nami nikaogopa kusema bado."

Mwene alijikaza, akasema neno lake halirudi mdomoni. Kesho watu wapande.

"Langu nalo halirudi," alisema Tusekile.

Kesho yake alikwenda bondeni, akakalia kikapu chake ukingoni mwa shamba. Askari wa Mwene wakimtaka apande, ingewabidi wamnyanyue kwanza, na hakuna aliyethubutu kumgusa mjane mbele ya watu. Jua lilipofika utosini Kisa alikuja na kikapu chake, akakikalia. Kufikia alasiri wanawake wa bonde zima walikuwa wamekalia mbegu zao. Shamba la Mwene peke yake ndilo lililopandwa, na miche yake ilipochungulia tu, sakitu ikaiunguza yote.

Kila usiku wale rafiki watatu walirudi Igandwe. Alfajiri moja walifumbua mikono, na kila mmoja alikuwa na kokoto sita. Siku hiyo bonde likapandwa, na mwaka huo watu wakala. Mwene hakuomba radhi, wala hakuna aliyemdai.

Na tangu kipupwe kile, watu wa milima ile hukwea vilima wakati wa baridi kali, marafiki wawili watatu chini ya blanketi moja, pasipo moto. Hakuna anayesema alichokiona kabla mikono yote haijafumbuliwa. Aje jumbe, aje mkuu wa wilaya na kofia yake, huambiwa yaleyale: okota, fumbata, nyamaza.