Msuko wa Veneranda

"Nywele zilizoota leo, zisuke leo." Ndivyo shangazi yenu Hyasinta alivyomwambia Edgari jana, pale Edgari aliposema kuwa hatampa mwanawe jina mpaka aone kama ataishi, maana amezaliwa kabla ya siku zake. Nanyi mkacheka, mkidhani shangazi kachanganya mambo ya saluni na mambo ya uzazi. Sikuwagombeza mbele ya watu. Lakini methali hiyo haichekwi, wajukuu zangu, na kwa kuwa mmeniuliza ilikotoka, nitawaambia. Nilikuwapo ilipoanza, na sehemu ya kosa ni yangu.

Ilianzia hapa hapa Mbinga, kwa msusi wa sokoni aitwaye Eusebia Kapinga. Alikuwa na mkono mwepesi sana; wanawake walisinzia huku akiwasuka. Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja tu, Veneranda. Kila Jumamosi mchana Eusebia alimkalisha Vene mkekani na kumsuka kwa ajili ya misa ya kesho yake, kwa sababu Vene aliimba kwaya na alisimama mstari wa mbele.

Vene alipokuwa na miaka kumi na tisa, kidole cha mama yake kikagusa mahali palaini nyuma ya sikio. Palikuwa na upara mdogo wa mviringo. Eusebia akazivuta nywele za pembeni akapafunika. Jumamosi iliyofuata pakawa pawili, na kabla masika hayajaisha kichwa kizima kilikuwa kitupu. Nyusi nazo zikaenda, kisha kope.

Walijaribu mafuta ya nyonyo, maji ya vitunguu, utomvu wa mshubiri. Hospitalini wakaambiwa kwamba kinga ya mwili wa Vene inashambulia mizizi ya nywele zake yenyewe, na kwamba maradhi hayo hayaambukizi wala hayaui. Lakini watu wana maelezo yao. Wengine walisema karogwa, wengine walitaja Ukimwi kwa kunong'ona. Mchumba wake akapunguza kuja, halafu akaacha kabisa. Vene naye akaacha kwaya. Eusebia alikuwa akishinda sokoni akisuka mabinti wa watu, akirudi nyumbani anamkuta wa kwake amejifunga kitambaa, amekaa kimya jikoni.

Ikapita miaka saba. Mimi wakati huo nilikuwa muuguzi katika hospitali moja huko Songea, na wakaja watafiti waliokuwa wakijaribu vidonge vipya vya maradhi hayo. Nikamtumia Eusebia salamu, maana tulifahamiana tangu zamani, akaja na Vene. Daktari aliyesimamia utafiti, Dokta Mbunda, aliwaeleza bila kuficha.

"Nusu ya watu watapewa dawa, nusu watapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Hata mimi sitajua nani kapewa kipi."

Eusebia akamtazama. "Daktari, unampa mwanangu kitu usichokijua?"

"Ningekuwa nakijua, mama, nisingekijaribu. Huenda kikamsaidia, huenda kisimsaidie, na huenda kikamdhuru. Akitaka kuacha, ataacha siku yoyote."

Eusebia akasimama waondoke. Vene alikuwa ameshashika kalamu. "Mama," akasema, "nimekaa jikoni miaka saba. Niache nijaribu."

Akatia sahihi.

Miezi mitatu haikuonekana kitu, nasi tukaamini kwamba amepewa vile vitupu. Mwezi wa nne alikuja kupimwa, akafungua kitambaa mbele yangu bila kuambiwa. Kichwa kizima kilikuwa kimeota nywele za malaika, laini kama za mtoto mchanga. Nikapitisha kiganja changu juu yake, tukashikana tukalia. Kufikia Desemba nywele zilikuwa nyeusi, zimefika urefu wa vidole vitatu, na nyusi zimerudi. Vene akatoka jikoni. Akaenda kuwasikiliza wanakwaya wakifanya mazoezi, ingawa alisimama mlangoni.

Siku chache kabla ya Krismasi akakaa mkekani mbele ya mama yake. "Nisuke, mama. Hata ule msuko wa twende kilioni tu, ulio rahisi."

Eusebia akazishika, akaziachia. "Bado changa. Nywele changa ukizivuta zinang'oka. Ngoja zishike, nitakusuka Pasaka, msuko ambao sijamsuka mtu."

"Na zisipofika Pasaka?"

"Ndiyo maana nakwambia ngoja."

Eusebia alikuja kuniuliza mimi, nilipokuwa hapa Mbinga kwa likizo, akitaka kujua kama anafanya sawa. Moyoni aliogopa, mniamini. Aliogopa kuzizoea zile nywele. Nami, kwa kujifanya mtaalamu, nikamwambia, "Kama una shaka, subiri. Haraka ya nini?"

Februari tukapokea barua. Utafiti umesimamishwa kila mahali. Katika nchi nyingine, baadhi ya waliomeza dawa ile walikuwa wameganda damu miguuni, na wawili wamekufa. Dokta Mbunda alimwita Vene, akamweleza, akanyoosha mkono apewe vidonge vilivyobaki.

"Niachie vya mwezi mmoja," Vene akasema. "Mimi miguu hainiumi."

"Siwezi."

"Nitaandika kwamba nimekubali mwenyewe."

"Siwezi, binti yangu."

Akavitoa. Akauliza kama nywele zitabaki, daktari akajibu kwamba hajui. Sijapata kuona mtu mzima akijibu hivyo kwa uchungu kama ule.

Jumamosi Kuu nilikwenda kuwatembelea. Nilimkuta Eusebia ameketi kwenye kigoda, Vene mkekani katikati ya magoti yake. Nywele zilikuwa zimeanza kuanguka wiki ile. Eusebia alizigawa kwa kitana polepole, akashika fungu la kwanza, akaanza kusuka. Fungu lote likabaki mkononi mwake. Akashika la pili, nalo likaja.

"Endelea tu, mama," Vene akasema bila kugeuka.

"Zinakuja zote."

"Najua. Endelea."

Eusebia hakuweza. Akaweka kitana chini. "Ningekusuka Desemba," akasema. "Hata zingekaa miezi miwili. Ungekwenda nazo kanisani."

Nilingoja Vene amwambie kwamba si kitu. Hakumwambia. Alisema, "Ndiyo, mama. Ningekwenda nazo," kisha akaegemeza kichwa chake kwenye goti la mama yake, nami nikatoka nje kwa sababu sikuwa na haki ya kukaa pale.

Nywele hazikurudi tena. Vene alirudi kwaya mwaka uliofuata, kichwa wazi, na bado anaimba. Eusebia aliendelea na kazi yake, lakini hakuwa tena mtu wa kucheka na wateja. Akija mama na mtoto, akisema mwanangu nywele zake bado laini, tungoje mwakani, Eusebia alimvuta mtoto taratibu akamkalisha mkekani, akisema maneno ambayo shangazi yenu aliyasema jana. Akija mtu na jambo jingine kabisa, harusi anayoiogopa, au mgonjwa aliyepata nafuu ya siku mbili ambaye ndugu hawajathubutu kuifurahia, alimjibu kwa maneno yale yale. Sokoni wakayachukua, wakayapeleka majumbani. Eusebia amekufa, maneno yamebaki.

Hakuyasema kwa hekima, wajukuu zangu. Aliyasema kwa majuto, na sauti yake haikupanda hata kidogo: nywele zilizoota leo, zisuke leo.