Kiti cha Chuo cha Juu

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni hii ya juzi simu zilipokwisha kupanda hadi milima ya Upare, palikuwa na msichana aitwaye Namsifu. Alitaka udaktari tangu hajang'oka meno ya utoto. Akamaliza kidato cha sita, akaomba, akapata. Tena si chuo kimoja, viwili.

Tegeni sikio hapa, maana ndipo ugomvi ulipo. Cha kwanza kiliitwa Chuo cha Juu, bora kuliko vyote nchini. Cha pili kiliitwa Chuo cha Bonde: jina dogo, ila mwanafunzi anaanza kushika wagonjwa mwaka wa kwanza, na kutoka kijijini ni mwendo wa nusu siku tu. Sheria ilikuwa hivi: ukipata viwili, unatumiwa namba kwenye simu, unathibitisha kimoja kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ukizubaa, umekosa vyote. Na kiti unachokiacha hupewa aliye wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

Wa kwanza kwenye orodha ya akiba ya Chuo cha Juu alikuwa nani? Nakiete, aliyekaa dawati moja na Namsifu miaka yote. Naye hakupata kwingine kokote.

Ijumaa ikafika, Namsifu bado ameshika simu, hajathibitisha. Akaja Mwalimu Mbazi wa kemia.

"Kiti ni chako," akasema. "Shule yetu haina maabara. Nimekufundisha kwa ndimu na majivu ya jikoni kwangu, mpaka mke wangu akaninunia, ili siku moja mwanafunzi wangu aingie Chuo cha Juu. Usigawe ulichokitolea jasho."

Bibi yake, mkunga wa kijiji, akatikisa kichwa.

"Watatu wamekwenda Juu kutoka hapa, mjukuu wangu, na hakuna aliyerudi. Mimi nimezalisha miaka arobaini, sasa macho yamechoka. Masika haya mke wa jirani katufia kwenye machela, njiani kwenda hospitali, wewe umemshika mkono. Nenda Bonde, kisha urudi."

Namsifu akalia, kwa kuwa wote wawili walisema kweli. Halafu akadhani ameiona njia: akienda Bonde, bibi atafurahi na Nakiete atapata kiti.

Na Nakiete alikuwa na haki yake. Karibu na mtihani Namsifu alilala na malaria. Siku nane Nakiete alikaa kitandani pake akimsomea madaftari kwa sauti, ya kwake hakuyafungua. Mtihani ukaja, Namsifu akamshinda kwa alama mbili. Mbili tu, jamani.

Namsifu akamwita. "Nakuachia kiti cha Juu."

Nakiete akakunja uso. "Kwa sababu unaipenda Bonde, au unanihurumia?"

Namsifu akainamia simu.

"Basi usiniachie. Nilikusomea kwa kuwa ulikuwa mgonjwa, sikuwa natafuta kiti. Ukiniachia kwa huruma sikichukui, kitakwenda kwa mtu tusiyemjua. Chagua unachokitaka wewe."

Hapo ndipo pagumu. Namsifu alikitaka Chuo cha Juu, alikitaka kwa moyo wote, na aliona aibu kukitaka.

Saa tisa na nusu bibi akamshika bega. "Niliyonayo nimeyasema. Popote utakapokwenda, baraka zangu unazo."

Namsifu akaingiza namba, akathibitisha. Moyo ukamtulia, akacheka mara ya kwanza wiki ile.

Alithibitisha kipi, mimi najua, lakini leo hamnitoi neno mpaka nisikie yenu. Wewe unayejikohoza huko nyuma, anza wewe. Kijiji kilikuwa hakina daktari, mwalimu alikuwa na ndoto yake, na kiti kilikuwa kimoja. Je, nani alikistahili: Namsifu aliyeshinda kwa alama mbili, au Nakiete aliyemsaidia kuzipata?