Buti la Fundi Kioo

Mfinyanzi akiuacha udongo ukakauka, hata aulilie machozi hautageuka chungu. Ndiyo maana wahenga walituusia kwamba udongo uwahi ungali maji: jambo lishughulikie mapema, kabla halijawa sugu. Hakuna aliyeipenda methali hii kama fundi mmoja wa sakafu, wala hakuna aliyeadhibiwa nayo kama yeye.

Watu walimwita Fundi Kioo kwa jinsi sakafu zake zilivyong'aa. Binti yake wa pekee alipojenga nyumba na mumewe, fundi aliapa kwamba sakafu ya gereji ingekuwa zawadi yake, na hakuna mwiko mwingine ambao ungeigusa. Binti alikubali shingo upande. Baba yake alikuwa na ugonjwa wa sukari, miguu ilishaanza kufa ganzi, na daktari alishamwonya kwamba kidonda kidogo tu kingeweza kumkosesha mguu.

Siku ya kumwaga zege jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alichanganya saruji, mchanga na kokoto, akaleta kwa toroli. Fundi alivuta ubao kulisawazisha zege, akianzia ukuta wa nyuma na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Polepole, shemeji!" kaka mtu alitania. "Dada yangu hajakukimbia miaka yote hii, zege ndilo litakukimbia?"

"Dada yako ana huruma, zege halina. Likishikwa na jua hili, hata nyundo hailinyooshi. Udongo uwahi ungali maji!"

Wakacheka. Ndipo toroli likateleza na kupinduka, zege likamwagika miguuni pa fundi na kuingia ndani ya buti lake la kushoto. Shemeji aliacha kucheka. Binti, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alikimbia kuleta beseni la maji.

"Baba, vua buti nikuoshe. Mara moja tu."

"Nikiondoka sasa, mwanangu, sakafu itabaki na kovu."

"Sakafu itabomolewa imwagwe nyingine. Mguu haumwagwi mwingine, Baba."

"Mbona hata siumwi?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa!"

Fundi alitabasamu, akapiga magoti juu ya kipande cha mbao, akaendelea kulainisha kwa mwiko. Saruji mbichi huunguza taratibu. Mtu mwingine angeruka na kupiga kelele. Yeye alipiga mluzi. Beseni lilibaki mlangoni, na binti akabaki kando yake, asijue kama amheshimu baba yake au amburute.

Jioni sakafu ilikuwa laini kama yai. Fundi alivua buti, na soksi ikatoka na ngozi. Kuanzia kifundoni hadi vidoleni, mguu ulikuwa umebadilika rangi. Binti alipiga ukelele, akataka waende hospitali saa ile ile.

"Hospitali haihami," fundi alisema, akijifunga kitambaa. "Kwanza sakafu inyweshwe maji, isije ikapasuka."

Basi kila siku alikuja akichechemea kuimwagia maji sakafu ya mwanawe. Mkewe alimsihi, binti alilia, naye alijibu kesho. Kesho ikazaa kesho. Hatimaye homa ilimwangusha, na kile kitambaa kikaanza kunuka. Shemeji alimbeba mgongoni hadi hospitali.

Daktari alikifungua kitambaa. "Angeletwa siku ile ile, ningeosha na kufunga kidonda. Sasa mguu umeoza. Tusipoukata, tutampoteza mwenyewe."

Ukakatwa chini ya goti.

Alipopata nafuu, fundi aliomba apelekwe akaione kazi yake. Alisimama kwa magongo kwenye mlango wa gereji. Sakafu ilikuwa safi, haina hata ufa wa unywele. Shemeji, mtu wa utani kwa kila jambo, alitazama pembeni.

"Ni nzuri?" fundi aliuliza.

"Nzuri, Baba," binti alijibu, kisha akalia kwa kwikwi. "Lakini siitaki. Nilikutaka wewe mzima."

Fundi aliyeliwahi zege asiuwahi mguu wake aliinamisha kichwa. Akajihukumu kwa kauli yake mwenyewe: udongo uwahi ungali maji.