Kiboko na Sala ya Kakakuona

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Mmekaa sawasawa?"

"Tumekaa."

"Basi sogeeni karibu, maana hadithi hii siwezi kuisema kwa sauti kubwa."

Hapo kale, kale sana, wanyama wa bonde moja waliishi kando ya mto, na jumbe wao alikuwa Kiboko. Kila mmoja alimwomba Mungu kwa namna yake. Kiboko alizama majini, akaombea humo. Korongo alicheza mchangani jua likichomoza. Kima aliimba juu ya mti. Naye Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima, alijikunja akawa kama mpira, akanyamaza kimya.

Kakakuona alikuwa rafiki wa Kiboko. Mwaka ule Kiboko alipopata donda mgongoni na siafu wakaliingia, Kakakuona ndiye aliyekuja kila asubuhi kuwatoa kwa ulimi wake mrefu, hadi donda likapona.

Basi mwaka mmoja mvua ilikawia. Nyasi zikakauka, mto ukapungua. Kiboko akazama, akaomba. Alipoinua kichwa, akasikia matone puani. Siku hiyo wanyama wote walikuwa wameomba, lakini Kiboko hakulifikiria hilo.

"Mungu amenisikia mimi," akasema. "Kumbe yuko majini. Kuanzia leo, kila mmoja ataomba majini kama mimi. Asiyetaka ahame bonde hili."

Akaenda kwa Korongo. "Korongo, umesikia?"

"Nimesikia, jumbe. Lakini mama yangu alicheza, na bibi yangu alicheza. Nikiacha, nitakuwa nani?"

"Utakuwa raia wangu."

Korongo alikusanya watoto wake, wakaruka, wakapotelea upande wa milimani.

Akaenda kwa Kima. "Kima, umesikia?"

"Nimesikia, jumbe wangu. Hata leo nitaingia."

Kima akaingia mtoni, akachezesha midomo. Kiboko akafurahi. Hakujua kwamba moyoni Kima alikuwa akimlaani.

Akaenda kwa Kakakuona. Akamkuta mlangoni pa shimo lake na mkewe.

"Ndugu yangu," Kakakuona akasema, "mimi naogopa maji. Niache niombe hapa hapa, sitamsumbua mtu."

Kiboko akasita. Alilikumbuka lile donda. Lakini akawaza: nikimwachia huyu, wengine watasema nini?

"Siwezi, ndugu yangu. Ukikataa wewe, nitawaambia nini wale? Ni kuingia tu na kutoka. Nami nitakuwa kando yako."

Mkewe akamshika mkono mumewe. "Usiende, baba."

"Ni Kiboko huyu," Kakakuona akasema. "Hawezi kuniingiza pabaya."

Wakateremka hadi mtoni, wanyama wakitazama. Kakakuona akatia mguu wa kwanza. Akatia wa pili. Maji yakamfika kifuani.

"Ndugu yangu, natetemeka."

"Omba tu," Kiboko akasema. "Hofu itaisha."

Kakakuona akaenda hatua ya tatu, na hapo mchanga ukamkimbia miguuni. Alipoona amezidiwa, akafanya lile moja alilofundishwa na wazazi wake kulifanya mtu anapomwita Mungu. Alijikunja. Akawa mpira, akanyamaza, akazama.

Kiboko akapiga mbizi. Maji yalikuwa yamechafuka matope, hakuona kitu. Akapapasa huku, akapapasa kule. Alipomgusa chini kabisa, akamsukuma kwa pua hadi ukingoni. Akamwita mara ya kwanza, kimya. Akamwita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu sauti haikumtoka.

Alijaribu kumkunjua, hakuweza. Walimzika vile vile, amejikunja.

Kiboko akaifuta amri yake siku ile ile. Akatuma ujumbe milimani, lakini Korongo hakurudi. Kima alirudi mtini, ila hakuimba tena kwa sauti kama zamani. Kila Kiboko alipopita, alinyamaza.

Siku ya saba Kiboko alikwenda kwa mjane wa Kakakuona, akalala chini mlangoni pa shimo.

"Nisamehe, shemeji. Nilidhani namwonyesha njia."

Mjane akasema, "Mume wangu alikuwa na njia yake, shemeji. Hakuingia majini kwa sababu ya Mungu. Aliingia kwa sababu alishindwa kukukatalia wewe."

"Basi niambie namna ya kumwombea. Nitajikunja kama yeye."

"Huwezi, na sitaki ujikunje. Nenda ukamwombee mtoni kwako, unavyojua. Mimi nitamwombea hapa, ninavyojua. Hilo ndilo tulilopaswa kuambiana tangu mwanzo."

Kiboko akainuka, akarudi mtoni, akazama. Wanasema siku hiyo alikaa sana chini, na alipotoka hakumwuliza mtu kama mvua imenyesha.

Basi, wenzangu, funzo ni hili. Nchi ni ya wengi, na kila mmoja ana namna yake ya kumwita Mungu. Ukimlazimisha mwenzio aombe kama wewe, mmoja atakukimbia, mwingine atakudanganya, na yule anayekupenda utampoteza. Mwache mtu na sala yake, maadamu hakudhuru nayo.

Mimi nimefika mwisho. Kilichowachoma mwende nacho nyumbani, kilichowachosha niachieni hapa hapa.