Njuga za Bi Hondo

Mwaka ule mto ulikauka mpaka mamba wakahamia kwa jamaa zao, na nchi nzima ikabaki na kisima kimoja. Kisima kilikuwa cha Simba. Hakukichimba yeye, ila alikuwa amelala kando yake kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwuliza kama mambo hayo mawili ni sawa.

Foleni ya maji ilianza alfajiri na kwisha jioni. Wanyama walichoka kusubiri, wakaanza kusukumana na kutukanana, na kelele zao zikamharibia Simba usingizi. Basi akashuka kwenye mchanga wa mto mkavu, akapanga miba ikawa kuta, akachimba mashimo hapa na pale, akaweka jiwe jeupe mwishoni.

"Huu ni mchezo," akatangaza. "Anayepita kona zote bila kutumbukia, akaligusa jiwe, ameshinda. Unaitwa Mkondo wa Mfalme."

Aliifanya kazi hiyo asubuhi moja, kisha akapumzika msimu mzima.

Mchezo ulipendwa, ingawa ulikuwa na kasoro zake. Kwenye kona ya tatu palikuwa na shimo refu lisilo na njia ya kutokea. Swala mmoja alitumbukia humo siku ya kwanza, akakaa mpaka wakati wa chakula cha jioni. Chakula hicho kilikuwa cha nani, hakuna aliyeuliza. Wanyama walipokwenda kulalamika, Simba alipiga miayo.

"Shimo hilo ni sehemu ya raha," alisema.

Aliyelishughulikia shimo ni Hondohondo. Ndege huyu anaujua udongo: kila msimu wa mayai humzibia mkewe ndani ya tundu la mti kwa ukuta wa udongo, akaacha upenyo wa kumlishia. Alikoroga udongo kwa maji ya mgawo wake mwenyewe, akajenga ngazi ndani ya shimo, ili anayetumbukia apande na kuanza upya. Hakutumwa na mtu. Alichukia tu kuona kazi iliyofanywa vibaya.

Mkewe, Bi Hondo, alifanya kubwa zaidi. Alimwona Fuko amekaa pembeni ya mkondo akisikiliza wenzake wakicheza, maana Fuko haoni. Bi Hondo akakusanya maganda makavu yenye mbegu ndani, akayafunga kwenye kamba pembezoni mwa njia. Fuko akiigusa kamba kwa pua, maganda hulia: yakilia taratibu, njia ni salama, yakilia kwa ukali, mbele kuna shimo. Wanyama wakayaita njuga za Bi Hondo. Siku Fuko alipoligusa jiwe jeupe kwa mara ya kwanza, alilikumbatia, akakataa kuliachia mpaka foleni ikaanza kumzomea.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji Bi Hondo! Kumbe jiwe lenyewe dogo hivi?"

Wengine nao wakaongeza vyao. Kima alifunga bembea za mizizi. Kanga alipaka mawe madoadoa. Nusu ya mambo yaliyowaleta wanyama mkondoni Simba hakuyafanya, wala hakujua kuwa yapo.

Bi Hondo hakuuona mwisho wa msimu ule. Baada ya kumzika, Hondohondo aliendelea kuja mkondoni kila alasiri. Alisema anakuja kukagua ngazi. Ngazi haikuhitaji kukaguliwa kila alasiri. Alikuwa akitua kwenye tawi la juu, anamsubiri Fuko apite, anasikiliza njuga mpaka ya mwisho, kisha anaondoka.

Siku moja Fisi alikwenda kisimani na uso wa msiba.

"Mtukufu, kuna jambo baya linaendelea mkondoni."

"Wanapigana?"

"Wanafurahi bure."

Simba alifumbua jicho la pili. "Bure? Katika nchi yangu?"

"Ngazi, njuga, bembea, mawe ya madoadoa. Vyote vimesimama juu ya mchanga wako, Mtukufu. Kilichosimama juu ya chako ni chako. Nikabidhi kazi hii, utakunywa bila kuinuka."

Wazo la kunywa bila kuinuka lilimgusa Simba kuliko yote aliyowahi kusikia kuhusu haki.

Kesho yake Fisi alisimama mbele ya foleni, amejipaka mafuta. "Ndugu mafundi," alisema, "mmenyonywa vya kutosha! Mnafanya kazi, watu wanacheza, nyinyi mnaambulia asante. Kuanzia leo kila kilichoongezwa kina malipo. Mafunda manne ya maji kwa kila kimoja. Hatimaye fundi atathaminiwa."

Wanyama walipiga makofi. Mafundi walipiga zaidi.

"Na fundi atapata mafunda mangapi?" aliuliza Kima.

"Moja zima."

"Na hayo matatu?"

"Mawili ya Mfalme, kwa sababu mchanga ni wake. Moja langu, kwa uchovu."

"Uchovu wa nini?"

"Wa kukujibu maswali," alisema Fisi. "Na funda lako halitapotea. Linawekwa ndani ya kibuyu cha mafundi. Kikijaa, mtagawana."

Kwa hiyo mlinzi wa vibuyu akawa Fisi, maana, kama alivyoeleza mwenyewe, katika ukame huu huwezi kumwamini kila mtu.

Wiki zikapita. Vibuyu vya Mfalme, ambavyo navyo vilingojewa vijae, vilikaa nyuma ya kichuguu pamoja na kibuyu cha mafundi, na Fisi akakaa mbele yake. Ukame ulimkondesha kila mnyama ila yeye. Ngazi ya udongo ilianza kupasuka, kwa sababu Hondohondo hakuwa tena na maji ya kuilowesha. Mgawo wake wote ulikwisha kwa kulipia kuikagua ngazi yake mwenyewe. Ngiri aliyelipa mafunda manne ili aitumie alianguka nayo, akaja kwa Fisi akichechemea.

"Nirudishie maji yangu!"

"Maji yakishalipwa yamelipwa," alisema Fisi kwa upole. "Ila mwombe fundi kwa adabu. Huenda akakusaidia."

Ngiri akaenda kumtukana Hondohondo. Adabu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo.

Kanga alimkuta Hondohondo akizoa vipande vya udongo. "Usinitazame hivyo, mzee mwenzangu," alisema kabla hajaulizwa. "Nina vifaranga. Nimekubali malipo, ndiyo."

"Sikulaumu, Mama Kanga. Mawe umeyapaka wewe. Ulipwe."

"Basi."

"Umelipwa?"

Kanga alichakura mchanga kidogo. "Kibuyu hakijajaa," alisema.

Lililomfikisha Hondohondo mbele ya Fisi lilikuwa jingine. Alasiri moja alisubiri kwenye tawi lake, njuga hazikulia. Akamwona Fuko amekaa pembeni, palepale alipokuwa akikaa zamani.

"Njuga ni mafunda manne, kaka," alisema Fuko. "Mgawo wangu ni matatu."

Hondohondo akaruka mpaka kichuguuni. "Njuga si zangu za kuuza," alimwambia Fisi. "Ni za marehemu. Alimtundikia Fuko. Udongo wangu utoze upendavyo, lakini zile ziache."

"Pole sana kwa msiba," alisema Fisi. "Suala la marehemu nimelifikiria kwa kina. Marehemu hanywi maji, kwa hiyo funda lake nitalitunza mimi."

Hondohondo akaondoka, kwa sababu jibu alilokuwa nalo halikufaa kusemwa na ndege wa umri wake.

Sungura alikuwa kwenye foleni, amesikia yote. Sungura hakuwa mtetezi wa wanyonge. Alichukia kulipa, na wiki ile alikuwa amelipa mara mbili.

"Unataka nini, mzee?" alimwuliza Hondohondo. "Maji au kisasi?"

"Nataka Fuko apite."

"Hilo ni dogo, linahitaji mambo makubwa. Kesho ukiambiwa ung'oe vitu vyako, ng'oa. Usibishe."

"Na njuga?"

"Hasa njuga."

Asubuhi Sungura alijitupa chini mbele ya Simba huku akilia. Machozi hakuwa nayo, ila sauti ilitosha.

"Mtukufu, nimesikia matusi siwezi kuyarudia!"

"Yarudie."

"Wanasema mchezo wako ni mzuri kwa sababu ya viraka. Eti bila Hondohondo, bila Kima, wewe umechimba mashimo tu."

Manyoya ya shingoni mwa Simba yalisimama. "Mchezo wangu ulikuwa kamili tangu asubuhi niliyouchimba!"

"Ndivyo nilivyowaambia! Sasa ungeucheza mwenyewe, Mtukufu, ukiwa safi, bila hata kiraka kimoja, wote wakitazama..."

Fisi alikuja mbio. "Mtukufu, hakuna haja ya kujichosha. Tena vitu vile vina biashara..."

"Fisi," alisema Sungura kwa mshangao, "mbona unaogopa? Kwani mchezo wa Mfalme una kasoro?"

Simba alikuwa akimtazama Fisi, akisubiri jibu kwa hamu.

Mafundi wakaitwa. Kima alishusha bembea. Kanga aliviringisha mawe yake mpaka nyumbani. Hondohondo aliibomoa ngazi, kisha akafungua njuga moja baada ya nyingine, bila haraka, akapuliza vumbi la kila ganda kabla ya kuliweka chini.

Simba akaingia mkondoni kichwa juu. Kona ya kwanza aliruka shimo vizuri, akashangiliwa. Ya pili pia. Kwenye ya tatu aligeuka kupokea makofi.

Mshindo ulisikika mpaka kisimani.

"Nani kaanguka?" aliuliza Fuko.

"Mwenye mchezo," alijibu Kanga.

Kutoka chini ilipanda ngurumo, halafu kimya, halafu sauti ya makucha yakikwangua mchanga. "Nitoeni!"

Hakuna aliyesogea. Sungura aliinama ukingoni. "Mtukufu, sisi tulidhani shimo hilo ni sehemu ya raha."

"Hondohondo!" alinguruma Simba. "Rudisha ngazi!"

"Nitairudisha," alisema Hondohondo. "Ngazi ni udongo, na udongo unataka maji. Fungu langu limo ndani ya kibuyu cha mafundi. Kiletwe. Sianzi kazi kabla ya kulipwa ile iliyopita."

"Fisi! Lete kibuyu!"

Fisi alisema kibuyu kizito. Kima akakifuata mwenyewe, akarudi amekishika kwa vidole viwili. Akakipindua mbele ya wote. Hakikutoka hata tone. Chini yake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu mrija wa tete, umetafunwa ncha. Akaenda kuvileta vya Mfalme. Navyo vilikuwa vyepesi, navyo vilikuwa na mirija.

"Maji yangu yako wapi?" iliuliza sauti ya shimoni, sasa taratibu sana.

"Ukame, Mtukufu," alisema Fisi akirudi kinyumenyume. "Jua kali. Maji hupaa..."

Fuko aliinua kichwa. Mwenye kuishi kwa kusikiliza njuga hujifunza kusikiliza na mengine. "Nyamazeni," alisema. "Kuna maji yanatembea."

Wote wakanyamaza. Kila Fisi alipopiga hatua, tumbo lake lilicheza kama mtungi kichwani mwa mtu mwenye haraka.

"Yanaelekea kushoto," alisema Fuko. "Sasa yanakimbia."

Fisi alikimbia kweli, kadiri tumbo lilivyomruhusu. Wanyama walimzibia njia ya kisimani, akaona upenyo mmoja tu: kukatiza mkondoni. Njuga ambazo zingemwonya hazikuwepo. Alilipita shimo la kwanza kwa bahati, la pili kwa woga. Kwenye kona ya tatu aligeuka kuona kama anafuatwa.

Mazungumzo yake na Simba huko chini yalikuwa mafupi. Siku ile Simba hakuulizia chakula cha jioni.

"Sasa nitoeni," alisema baadaye.

Sungura akaketi ukingoni, akakunja miguu. "Tuzungumze kwanza, Mtukufu. Anayeongeza kitu mchezoni ndiye atakayesema kina bei au hakina. Kikiuzwa, katika mafunda manne matatu ni yake, moja lako, kwa ajili ya mchanga. Analipwa siku hiyohiyo, mbele ya watu. Na ngazi ikivunjika kwa sababu shimo ni baya, anayeulizwa ni mwenye shimo."

"Hiyo ni dhuluma!"

"Basi tuonane kesho."

"Nimekubali," alisema Simba. Ukiwa chini ya shimo lako mwenyewe, masharti mengi huonekana ya haki.

Wakamletea Hondohondo deni lake kutoka kisimani. Alikunywa kidogo, yaliyobaki akakorogea udongo, akajenga ngazi pana ya kumtosha simba. Kanga alirudisha mawe yake, akataja bei, na jioni vifaranga wake walikunywa. Hakuna aliyemcheka. Kima alirudisha bembea, akasema ni za bure kwa watoto na ghali kwa Sungura.

Aliyeiba maji hakuyafaidi, na aliyeibiwa hakusahau kudai: mambo mawili ambayo, katika nchi ile, yalikuwa hayajawahi kutokea pamoja.

Alasiri ya kesho yake Hondohondo alikuwa wa mwisho mkondoni, akifunga njuga mahali pake. Fuko alimsogelea, akisafisha koo.

"Kaka, sasa hizi... ni mafunda mangapi?"

"Ngazi yangu ni mawili," alisema Hondohondo. "Njuga ni za shemeji yako. Alishazitolea bei."

"Bei gani?"

"Upite."

Fuko akainamisha pua, akaigusa kamba. Hondohondo aliruka mpaka tawi la juu, akatulia, akasikiliza mpaka njuga ya mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamwita Fuko aanze tena.