Kisima Kilichokosa Jina

Hapo zamani, wala msiniulize lini maana hata bibi yangu alisimuliwa tu, katika nchi ya mtama na ng'ombe aliishi mwanamke aitwaye Milembe na mumewe Jilala. Jilala hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, wala hakuinua mkono kumpiga mtu. Wakwe zake walimsifu. Ila alikuwa na neno lake moja: "Siyo hivyo."

Milembe akisonga ugali, Jilala husema, "Siyo hivyo, Mama Limi," na mwiko umeshahamia mkononi mwake. Milembe akimsalimu mgeni, "Siyo hivyo," na salamu inaanza upya. Milembe akianza hadithi, Jilala huimaliza. Hata siku Milembe alipofiwa na mama yake mzazi, yuko chini analia, Jilala alimsogelea akamnong'oneza: "Siyo hivyo, Mama Limi. Sauti ishushe mwishoni." Kisha akalia yeye, ili mwenzake apate mfano. Watu wakasema, kweli mkwe huyu ana uchungu.

Milembe alijaribu kujibu, jibu likasahihishwa. Alijaribu kunyamaza, akaambiwa ananyamaza vibaya. Basi msimu mmoja wa kupanda alikuwa amechoka, akasema tu lolote: "Bondeni tupande karanga." Kumbe moyoni alitaka mtama. Jilala akaruka: "Siyo hivyo! Bondeni ni mtama!" Milembe akainama kama anayetafuta jembe, akacheka peke yake.

Tangu hapo mambo yakawa mteremko. Akitamani nyama, husema, "Leo tule mlenda." "Siyo hivyo!" na mbuzi anachinjwa. Akitaka kwenda kwao, husema hana hamu ya kuwaona ndugu zake. "Siyo hivyo, damu nzito kuliko maji!" na safari inafungwa. Akawa anapata kila alichotaka, na hakuna mtu aliyejua kwamba alikitaka. Hilo la pili lilimuuma, lakini nyama ikiwa chunguni mtu husahau mengi.

Ukaja ukame. Mto ukawa mchanga, ng'ombe wakalala wasiinuke. Mtemi, mtawala wao, akatangaza kikao cha kutafuta mahali pa kuchimba kisima. Na desturi ya nchi ile ilikuwa hii: kisima huitwa kwa jina la aliyetamka "hapa" mbele ya watu, naye na uzao wake huchota kwanza, kiangazi na masika.

Milembe alikuwa anajua maji yalipo. Jioni moja alifunika vyungu vitupu ardhini, midomo chini, kimoja huku, kingine kule. Alfajiri akavifunua. Vyote vilikuwa vikavu, isipokuwa kile cha nyuma ya zizi lao, ambacho ndani kilitoka jasho.

Siku ya kikao akaulizwa naye. Milembe akasimama, akasema kama alivyozoea: "Nyuma ya zizi letu hakuna kitu. Maji yako kule juu, kwenye mawe meupe."

"Siyo hivyo!" Jilala akadakia, na watu wakacheka kwa kuwa walimjua. "Mawe yatoe maji? Ni hapa! Nyuma ya zizi, hapa!"

Wanaume wakachukua majembe wakaenda nyuma ya zizi, Jilala mbele, akimsahihisha kila mchimbaji. Wakachimba mpaka viganja vikachubuka. Maji yakatoka, matamu, mengi. Vigelegele vikapaa.

Mtemi akaita watu tena. Akasema, "Kuanzia leo hiki ni Kisima cha Jilala."

Hapo Milembe akashindwa kuvumilia. Sifa ya nyama aliiacha, ya mtama aliiacha, kilio cha mama yake aliuachia ulimwengu. Lakini maji haya wajukuu wa wajukuu watayanywa wakitaja jina la mtu ambaye hakujua lolote! Akasimama, akasema yote: vyungu, jasho, na kwa nini alitaja mawe. "Mtemi, kinywa ni cha Baba Limi, lakini hilo neno 'hapa' ni langu. Ningelisema mwenyewe, leo tungekuwa tunachimba kwenye mawe."

Jilala akasema, "Siyo hivyo. Kwanza chungu hakifunikwi jioni, hufunikwa jua likiwa kali. Pili, mimi nilisema, mimi nilichimba, na viganja vyangu hivi hapa. Mtu hushinda kwa alilosema, siyo kwa alilonyamazia. Au tuanze kugawa zawadi kwa mawazo?"

Watu wakaguna. Ndipo akajitokeza Kwandu, mjane wa jirani, mkono umefungwa kitambaa.

"Mtemi, mnabishana wawili, mimi nipo. Mlipokwenda zizini mkicheka, nilipanda peke yangu kwenye mawe meupe. Nimevunja jembe, nimevunja kidole, na ndama wangu wa pekee amekufa kwa kiu nikiwa huko. Miaka yote mnasema maskini Milembe, hakuna anayemsikiliza. Haya, mimi nilimsikiliza. Katika nchi nzima ni mimi tu niliyelichukua neno lake kama lilivyo. Malipo yangu ni nini?"

Milembe akatazama chini. Aibu aliyoipata hapo hakuwahi kuipata kwa mumewe hata siku moja.

Mtemi akakuna kidevu. "Milembe," akasema, "sema wewe. Kiitwe cha nani?"

Milembe akautazama mkono wa Kwandu. Kisha akasema, "Kiitwe Kisima cha Kwandu."

Watu wote wakamgeukia Jilala. Jilala akafungua kinywa, akakifunga. Akisema "siyo hivyo", huenda ndilo mkewe analolitaka. Akikaa kimya, kisima kinakwenda zake. Na Kwandu naye akawa anamtazama Milembe usoni, hajui safari hii amwamini au asimwamini. Hata Milembe mwenyewe, nasikia, hakuwa na hakika kama amesema anachotaka, maana alikuwa amekaa muda mrefu mno bila kukisema.

Mtemi anasubiri, ng'ombe wanalia kwa kiu, na hakuna anayeruhusiwa kuchota kabla ya mwenye jina.

Haya, nyinyi mnaocheka hapa: yuko aliyetamka, yuko aliyejua, yuko aliyeamini. Je, nani alistahili kuchota kwanza?