Kikombe cha Kushushia

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii ya karibuni ambayo chupa za chai zilikuwa zimeshafika madukani, katika kijiji cha Kwamgogo palikuwa na mtoto wa kike wa miaka saba aitwaye Riziki. Jina Riziki, na chakula hali. Msicheke. Wazazi wake hawakucheka.

Akiwekewa ugali, atamega tonge, atalizungusha kwenye mchuzi, kisha atalirudisha sahanini. "Nimeshiba." Akiwekewa wali wa nazi, "Nimeshiba." Siku ya Idi, siku ambayo hata mgonjwa huinuka kitandani akaulizia pilau, Riziki alichagua zabibu mbili tatu kwenye sinia akasema ameshiba. Shingo ikawa nyembamba, magoti yakatokeza, na gauni lake la sikukuu likawa linaning'inia tu.

Sasa, mtoto huyu alikuwa na wanawake watatu waliompenda, na balaa lilianzia hapo. Kila mmoja aliijua dawa, na dawa ya kila mmoja ilikuwa ndani ya kikombe.

Bibi Chausiku, mama mzazi wa baba yake, alisema: "Mtoto hali kwa sababu chakula kinamkwama. Chakula sharti kiwe na cha kushushia. Mpeni maziwa. Tonge moja, funda moja, mtaona."

Shangazi Saumu, dada mkubwa wa baba, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alisema: "Maziwa yanamjaza, mama. Apewe maji ya ukwaju yenye sukari kabla ya kula, yamfungue hamu."

Mama Riziki alisema: "Hapewi kitu. Kwetu tulikunywa baada ya kula, sote, na sote tulikula. Tumbo lenyewe kama ngumi yangu hii. Likijaa maji, ugali utakaa wapi?"

Bibi na shangazi walikuwa na nyumba zao hapo kijijini, ila kula walikula hapa. Wakabishana asubuhi, wakabishana mchana, na jioni wakapeana zamu ya kununa. Baba Riziki, jina lake Mbaruku, alikuwa mtu wa kupenda amani kupita kiasi. Kelele zikizidi, alichukua kofia yake akaenda kuangalia shamba, hata kama shamba lilikuwa halina kitu cha kuangaliwa. Lakini siku moja kofia haikuonekana, kelele zikamkuta ndani, akapandwa na hasira za mtu asiyezizoea.

"Basi!" akasema. "Atakayemfanya mtoto huyu amalize sahani, huyo ndiye ajuaye kulea. Akalelewe kwake!"

Bibi Chausiku akalidaka neno. Shangazi Saumu akalidaka. Mama Riziki akakaa juu ya kinu.

"Baba Riziki, umesema nini?"

"Nimesema..." Mbaruku akaitafuta tena kofia kwa macho. "Nimeshasema, mke wangu. Na nimesema mbele ya mama."

Na watu wa Kwamgogo ndivyo walivyokuwa: mwanamume akitamka neno mbele ya mama yake, halirudi mdomoni. Kwa hiyo bibi na shangazi walikuwa na mtoto wa kupata, na Mama Riziki alikuwa na mtoto wa kupoteza. Alikuwa naye huyo tu. Roho ilimuuma, lakini alikaza kanga, akaingia mchezoni kama wenzake.

Akaanza Bibi Chausiku na maziwa yake. Tonge moja, funda moja. Mtoto akala tonge, akanywa funda. Akanywa funda lingine. Akanywa la tatu bila kukumbushwa. Kikombe kikaisha, akacheua, akasema, "Nimeshiba, Bibi."

Akafuata Shangazi Saumu na ukwaju. Mtoto akanywa, hamu ikafunguka kwelikweli, ila ilikuwa hamu ya ukwaju. Jagi lote likaisha. Chakula kilipoletwa, Riziki alikuwa chooni, na hata aliporudi hakukaa sana.

Zamu ikaja ya Mama Riziki. Mtungi wa maji ya kunywa akauhamishia chumbani, akafunga mlango, ufunguo akaupachika kiunoni. Mtoto akakaa mbele ya sahani, hana kikombe, hana jagi, hana pa kukimbilia. Akautazama ugali. Ugali ukamtazama.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, mwanangu? Upepo?"

Siku ya pili vilevile. Siku zilizofuata vilevile. Majirani wakapata la kusema: Mama Riziki anamnyima mtoto maji, mtoto wa watu anakauka. Alipokwenda kisimani, mazungumzo yalikatika ghafla, mnajua wenyewe yalikuwa yanamhusu nani. Alilia peke yake jikoni, akasingizia moshi. Lakini ufunguo hakuutoa kiunoni.

Sasa sikilizeni hapa, na wewe unayesinzia pale, amka. Kwamgogo, kabla ya kula, mdogo kuliko wote ndiye anayewanawisha wakubwa. Anashika birika kwa mkono huu, beseni kwa mkono huu, anapita kwa kila mtu, anamimina. Katika nyumba hii mdogo alikuwa Riziki. Na birika lao lilikuwa dogo, likinawisha mtu mmoja limekwisha, sharti arudi jiko la uani akalijaze tena kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Nani angeuliza mtoto anafanya nini njiani kati ya jikoni na barazani? Mtoto ana adabu, ananawisha watu. Walimsifu.

Siku moja chakula kilikuwa samaki, na Bibi Chausiku alikuwa ametoka kuwaparua, akasema leo hanawi hivi hivi, aletewe sabuni. Akajisugua mpaka kwenye viwiko. Povu likasimama. Akanyoosha mikono.

Birika likatoa matone, likanyamaza.

"Mjukuu wangu, maji?"

"Yamekwisha, Bibi."

"Yamekwishaje, na umeyachota sasa hivi?"

Riziki akafumbua mdomo ajibu, ikatoka kwikwi. Bibi Chausiku, povu viwikoni, akamvuta, akamtikisa kidogo, akamwekea sikio tumboni. Maji yakasikika yakicheza ndani.

"Uwi!" akapiga kelele bibi. "Jamani, mtoto huyu ananyonya birika! Ananyonya mdomo wa birika kama ndama! Sisi tunanawa, yeye anashiba!"

Siri imepatikana, lakini dawa bado. Nani atanawisha? Baba wa nyumba hawezi. Bibi hawezi. Mama Riziki yuko jikoni anapakua. Shangazi Saumu akalitazama birika, akavuta pumzi, akalishika.

Nyinyi mnaliona jambo dogo. Wifi mkubwa, dada aliyemtangulia mwenye nyumba kuzaliwa, kumwinamia mke wa mdogo wake akammiminia maji mikononi! Wapita njia walisimama ugani wakauliza nani anaumwa. Mama Riziki alisema, "Wifi, acha, nitanawa mwenyewe," akaona haya mpaka masikio yakamwasha. Shangazi Saumu akasema, "Nyoosha mikono, usinicheleweshe." Akanawisha nyumba nzima, mchana na jioni, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

Kesho yake chakula kilikuwa viazi vitamu na maharage. Riziki hakuwa amegusa birika. Mtungi ulikuwa chumbani. Tumbo lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuhesabu mbavu zake. Akachukua kiazi, akala. Akachukua kingine, akala. Watu wanne wakashikilia pumzi zao, wakajifanya wanatazama kuku. Kikabaki kipande kimoja. Mama Riziki alikuwa anaomba Mungu kimoyomoyo, midomo inamcheza.

Mara mtoto akanyamaza. Macho yakamtoka. Viazi vitamu mnavijua: kiazi kilikuwa kimekwama kifuani, hakishuki, hakipandi.

"Maji!" akapiga kelele Bibi Chausiku. Shangazi Saumu akainua birika, birika halina hata tone, ameshawanawisha wote. Mama Riziki aliruka sahani, akapiga teke maharage ya mumewe, akafungua mlango, akarudi na kata ya maji, akamnywesha mtoto huku anampiga mgongoni. Akamnywesha mpaka machozi yakamtoka Riziki, na yeye mwenyewe yakamtoka.

Kiazi kikashuka. Mtoto akapumua. Kisha, watu wangu, akakitazama kile kipande kilichobaki, akakichukua, akakila, akapangusa sahani kwa kidole.



"Nimeshinda," akasema Bibi Chausiku. "Mngekaa hapa mwaka mzima mnafunga milango, na mtoto anakunywa birika. Nani aliyemgundua? Halafu kiazi kimeshushwa na nini? Si maji? Nilisema nini siku ya kwanza? Cha kushushia! Mwenye katazo amelivunja katazo lake, amefuata langu."

"Mama, samahani sana," akasema Shangazi Saumu. "Kumgundua mwizi si kumzuia. Ulipiga kelele, ukapangusa povu, ukakaa. Aliyelishika birika ni mimi. Nimejishusha mbele ya kijiji kizima, mpaka watoto wa kisimani wananiita Mnawishaji. Bila mimi, leo angekuwa ameshiba kabla ya kukaa."

Mama Riziki akaiweka kata chini. "Mimi nimeitwa mchawi wa mwanangu," akasema. "Nimekataza nikisemwa, nikakataza nikilia. Leo amekula kwa sababu alikuwa na njaa, na njaa hiyo niliilinda mimi. Kweli nimelivunja neno langu. Nilimwona anakufa, nikalivunja. Na lingekuwa neno kubwa kuliko hilo, ningelivunja vilevile."

Mbaruku akakuna kichwa. Akamtazama mama yake, akamtazama dada yake, akashindwa kumtazama mkewe. Akamgeukia mtoto.

"Wewe mwenyewe unasemaje, Riziki?"

"Nina kiu, baba."

Bibi Chausiku akachomoka kwenda kuleta maziwa. Shangazi Saumu akachomoka kwenda kuleta ukwaju. Mama Riziki akabaki palepale, anamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga, taratibu, kwa sababu hakujua kama kesho ataruhusiwa kumfuta.

Haya, nyinyi mnaojua kulea watoto wa wenzenu, semeni. Yuko aliyegundua, yuko aliyejishusha, na yuko aliyekataza kisha akalivunja katazo lake. Neno la baba limeshatamkwa mbele ya mama yake, halirudi. Je, leo usiku Riziki alale nyumbani kwa nani?